Tumemjengea bibi nyumba likizo ya Juni, bado analala kwenye tembe lake. Kinamrudisha nini?

Mlezi wa Vijana
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa wenyeji wa Dodoma na waliowahi kwenda kambi za namna hii.

Mimi ni mlezi wa vijana kwenye usharika mmoja hapa Dar. Likizo ya Juni tulipeleka vijana wa sekondari na vyuo wilaya ya Chamwino, kumjengea nyumba bibi mmoja mjane anayelea wajukuu. Msingi wa mawe, tofali za kuchoma, vyumba viwili na sebule, bati, sakafu ya saruji. Fundi mkuu tulimpata palepale kijijini, vijana wakawa saidia fundi: kubeba tofali, kuchekecha mchanga, kukoroga udongo, kuchota maji. Mchungaji akaibariki nyumba, bibi akakabidhiwa ufunguo, akacheza na vijana mpaka vumbi likatanda uwanja mzima.

Wiki iliyopita mwinjilisti wa kule kanipigia simu. Wajukuu wanalala nyumba mpya, bibi mwenyewe karudi kwenye tembe, ile nyumba yake ya zamani ya udongo. Asubuhi anakuja kufagia, wageni anawakaribisha humo, giza likiingia anafunga mlango na kurudi kwake. Akiulizwa anajibu neno moja tu: "Nitahamia."

Desemba tuna kambi nyingine na familia imeshachaguliwa. Wazee wa kanisa wameanza kuuliza pesa za washarika zinakwenda wapi. Mimi tembe lile nimeliona, upande mmoja limeinama kabisa, na naamini nyumba ilihitajika. Sasa kinachomrudisha ni nini?

Kaka Tegeta
Nimeweka kigoda. Wenyeji njooni.

Mgogo wa Mvumi
Mbukwenyi. Mleta mada, umewahi kulala ndani ya tembe mwezi wa saba? Upepo wa Dodoma ule wa usiku unapita chini ya bati na kukufuata mpaka kitandani. Tembe kuta zake ni miti na udongo mnene, na juu kuna magogo, fito, kisha udongo tena. Jua la mchana haliingii, na joto la moto uliopikia ugali halitoki. Bibi anafukia makaa, anavuta shuka, analala.

Halafu kihenge chake cha mtama kiko wapi? Mbuzi wake wanalala wapi? Mzee wa kwetu anapata usingizi akiwasikia mbuzi wanacheua upande wa pili wa ukuta. Vyumba viwili na sebule mmewapa nafasi watu, mali yake mmeiacha nje.

Fundi Kenchi
Mgogo wa Mvumi, kuhusu baridi nakuunga mkono. Lakini usilisifie sana tembe. Mvua za Januari zikishuka, udongo wa juu unalainika na kuanza kuvuja, na kila mwaka lazima upandishwe udongo mpya. Huyo bibi atapanda nani amshikie? Watu wa Chamwino wenyewe wanaezeka bati siku hizi, hawakulazimishwa na vijana wa Dar.

Maswali kwa mleta mada: bati ni geji ngapi? Dari mmeweka? Pale juu ya ukuta, bati linapokutana na mkanda (ile zege inayozunguka juu ya kuta zote), mmeziba au mmeacha wazi? Madirisha yana vibao au ni nondo na wavu tu?

Mlezi wa Vijana
Fundi, bati geji 30. Dari hatukuweka, fungu liliishia kwenye sakafu. Juu tuliacha wazi ili hewa ipite. Madirisha nondo na wavu.

Kaka Tegeta
Geji 30 si ndiyo nzito kuliko 28? Hapo mbona wamejitahidi.

Fundi Kenchi
Hapana mkuu, ni kinyume chake. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30. Na bati jembamba bila dari, juu wazi, madirisha ya wavu, kwenye ule upepo? Bibi analala uani huku kazungushiwa ukuta. Mimi kwangu kesi imekwisha.

Dada Wakili
Haijaisha. Naomba niulize kitu ambacho hakuna aliyekigusa: kiwanja ni cha nani?

Nimefuatilia mashauri mengi ya wajane vijijini. Mume anafariki, mke anabaki kwenye ardhi ya ukoo wa mume. Maadamu yuko kwenye kibanda cha udongo, hakuna anayemsumbua. Siku linaposimama bati jeupe, shemeji anakumbuka kwamba shamba ni la kaka yake. Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963 bado linatumika kwenye koo nyingi zinazofuata upande wa baba, na kwa hilo mjane mwenye watoto hana fungu lake kwenye urithi, anatazamiwa kutunzwa na watoto. Upande wa pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki, kutumia au kuingia kwenye ardhi ni batili. Mjane anaishi katikati ya sheria hizo mbili, na anajua shemeji anayoitegemea ni ipi.

Sasa fikiria kwa akili ya bibi. Tembe alijenga yeye na mumewe, hakuna anayeweza kumwambia toka. Nyumba mpya imejengwa na wageni kwa siku chache, na hajui nani atakuja kusema ni yake. Kulala kwenye tembe ni kulinda mahali pake. Mleta mada, kabla ya kuchimba msingi mlipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake? Au angalau muhtasari wa halmashauri ya kijiji?

Mlezi wa Vijana
Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo siku ya kuchimba msingi na akasema eneo ni la bibi. Maandishi hakuna.

Dada Wakili
Mwenyekiti huyo akimaliza muda wake, ushahidi unaondoka naye.

Mzee wa Kizota
Vijana, mnazungumza kama jambo hili limeanza Juni. Mimi nilikuwa mtoto Operesheni ilipopita. Tuliambiwa tembe ni nyumba ya zamani, tuhamie vijiji vya ujamaa, tujenge nyumba bora. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino akafyatua tofali na wananchi. Ilikuwa 1974. Baba yangu alijenga nyumba bora barabarani kama alivyoelekezwa, na tembe akaliacha limesimama kule shambani. Mchana yuko kijijini, mambo yake yote ya maana yanafanyika shambani. Hakugombana na mtu. Alikuwa na nyumba ya serikali na nyumba yake.

Bibi wa kizazi kile ameshawahi kujengewa nyumba bora na watu wema. Anajua jinsi ya kuwashukuru.

Mwanahistoria Udom
Shikamoo Mzee. Nisahihishe mwaka kwa heshima zote: Operesheni Dodoma ilikuwa kuanzia 1970 na 1971, na Mwalimu kukaa Chamwino ni mwaka huo wa 1971. Operesheni Vijiji ya nchi nzima ndiyo ya 1973 hadi 1976, labda ndiyo iliyokuchanganya. Hoja yako lakini inasimama. Tofauti moja ni kwamba kipindi kile mtu alihamishwa mbali na shamba lake, huyu kajengewa palepale.

Mzee wa Kizota
Marahaba. 1971 basi. Tofali nilizibeba, mwaka uandikeni ninyi.

Mama Wawili
Nimesoma yote na nina dukuduku tofauti. Binti yangu wa kidato cha tatu amekwenda kambi kama hii na kanisa jingine. Karudi na malengelenge mikononi na kucha moja imeng'oka. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na kuanzia miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi. Kubeba tofali juani toka asubuhi ni kazi nyepesi? Mtu akiwafanyisha hivi shambani kwake tunaita utumikishwaji. Kanisa likifanya tunaita huduma.

Mtetezi wa Vijana
Mama, binti wa kijijini umri huohuo anabeba ndoo kila siku na hakuna anayefungua uzi. Wa kwetu akibeba likizo moja anajifunza.

Mama Wawili
Mtetezi, kwa hiyo kwa kuwa wa kijijini anaumia, wa kwangu naye aumie ili wawe sawa? Mimi nataka glavu, viatu vya kufunika vidole na mtu wa huduma ya kwanza. Sijaomba kambi ifutwe.

Nuru wa Kwaya
Mama Wawili, mimi nimewahi kwenda, nilikuwa kidato cha nne, wilaya ya Bahi. Malengelenge yanapona. Kilichonibaki mimi ni maji.

Udongo wa kujengea unakunywa maji. Ukimwaga sakafu unamwagilia asubuhi na jioni, usipofanya hivyo inapasuka. Ilikuwa kiangazi, kijiji kina pampu moja ya mkono. Sisi tulipanga foleni na madumu yetu ya njano, na kwa kuwa tulikuwa wageni tukapewa kutangulia. Nyuma yetu walisimama kina mama wenye watoto mgongoni. Siku ya pili tukakuta madumu yetu yamekwishajazwa, yamepangwa kwenye ukuta wa nyumba. Walikuwa wameamka usiku kutuchotea. Hakuna aliyelitaja kwenye ibada ya kukabidhi. Waliotajwa ni sisi.

Kwa hiyo nikisikia "vijana walijenga nyumba" nawaona wale kina mama. Na ninajiuliza kama huyo bibi anaona deni kwa kijiji kizima kila akilala mle.

Mgogo wa Mvumi
Nuru umenigusa. Pampu moja kwa kijiji, na mchanganyiko wa udongo unavyokula maji! Hili ni kubwa kuliko baridi yangu.

Kaka Tegeta
Halafu mleta mada hajasema: mlikwenda na basi au SGR? Siku hizi mnatoka Dar asubuhi, saa nne mko Dodoma mnatafuta mlenda.

Mlezi wa Vijana
SGR mpaka Dodoma mjini, kisha Fuso la kukodi na vifaa. Mlenda tumekula. Vijana wa Dar waliona unavutika wakaacha, kufika siku ya mwisho wanagombea ukoko.

Mjukuu wa Mpwapwa
Nyumba ya namna hii alijengewa bibi yangu mzaa mama. Sio kanisa lenu. Naye alikaa muda mrefu bila kuhamia, na sisi wajukuu tuliambizana mambo mengi: baridi, shemeji, mpaka majirani wana kijicho na nyumba imefanyiwa kitu. Mjomba aliporudi kutoka Kahama akamuuliza kwa utaratibu, wakiwa wawili. Bibi akasema nyumba ile ni ya mjomba. Yeye aliitunza ili mwanawe akirudi asikute imechakaa.

Alihamia baada ya mjomba kulala mle usiku wa kwanza. Sasa mleta mada, huyo bibi wenu ana mtoto wa kiume aliye mbali?

Mlezi wa Vijana
Anaye mmoja, yuko machimboni. Hajaonekana muda mrefu.

Shuhuda Mbagala
Mjukuu umepita haraka kwenye kijicho. Kijiji kina wajane wangapi? Mmoja anapata bati, wengine wanaangalia. Hapo kuna watu hawalali vizuri, na bibi anajua. Anaogopa.

Mjukuu wa Mpwapwa
Nilipita haraka kwa sababu kwa bibi yangu haikuwa kweli, na maneno hayo yanaweza kumuumiza mtu. Bibi kizee, peke yake, nyumba mpya, halafu mnaanza kutaja ushirikina? Tukomee hapo tafadhali.

Shuhuda Mbagala
Nimekuelewa, sikutaja mchawi. Nimesema wivu. Familia mlimchagua nani, na kwa kigezo gani? Hilo nalo mleta mada atujibu.

Mlezi wa Vijana
Mwinjilisti na baraza la wazee wa mtaa walileta majina, tukachagua mwenye hali ngumu zaidi. Hakuwa lazima awe mshirika wa kanisa letu.

Hesabu Kwanza
Wakuu, mbona mnakwepa? Chukua nauli, Fuso, chakula, fulana zenye nembo ya kambi, ukampe fundi wa kijijini. Angejenga nyumba ikiwa na dari na jiko, na vijana watatu wa palepale wangepata kibarua cha saidia fundi. Saidia fundi wa Chamwino kakaa kijiweni anamtazama mtoto wa Mikocheni akijifunza kushika mwiko.

Mtetezi wa Vijana
Hiyo pesa ingetoka wapi? Wazazi walichanga kwa sababu watoto wao wanakwenda. Ungetangaza "tuma pesa Chamwino" kanisani ungepata sadaka ya sarafu. Na kijana aliyeshika timazi kwenye ukuta wa mtu mwingine hawi yuleyule. Mimi niko kwenye ujenzi leo kwa sababu ya kambi kama hiyo.

Hesabu Kwanza
Kwa hiyo nyumba ni ya kijana au ya bibi? Sema moja.

Mtetezi wa Vijana
Ni ya wote wawili na sioni aibu kusema.

Mpare wa Same
Kwetu msaragambo ulikuwa na utaratibu wake. Baragumu likipigwa kila kaya inatoa mtu, unachimba mfereji au unainua nyumba ya mwenzako, na kesho yako nayo inafika. Anayejengewa naye anafanya kazi kwa wengine. Huyu bibi amejengewa na watu ambao hatawajengea kamwe. Hapo ndipo pazito kwa mzee mwenye heshima zake.

Mbongo Atlanta
Salaam kutoka Georgia. Mpare, ulichosema ndicho shirika la Habitat for Humanity linachokisimamia. Mwenye nyumba anachangia saa za kazi kwa mikono yake, kwenye nyumba yake na za wengine, na analipa mkopo kidogo kidogo bila kutozwa faida. Huku vijana wa makanisa wanakwenda kujenga likizo ya masika, ni jambo la kawaida kabisa.

Kaka Tegeta
Hao ndio walioanzishwa na Jimmy Carter, sivyo?

Mbongo Atlanta
Hapana. Carter na mkewe Rosalynn walianza kujitolea nao 1984, akawapa umaarufu mpaka uzeeni. Waanzilishi ni Millard na Linda Fuller, 1976, mji wa Americus hukuhuku Georgia. Na kabla ya hapo walikwenda kulijaribu wazo lao Mbandaka, Zaire, kuanzia 1973. Majirani zetu wa Kongo walikaa kwenye nyumba hizo kabla Wamarekani wengi hawajalisikia jina hilo.

Kuna pia wale wa milima ya Appalachia, Appalachia Service Project, walianza 1969 kupitia mchungaji wa Kimethodisti. Vijana wanakwenda kiangazi, na kazi yao kubwa ni kukarabati. Paa linavuja wanaziba, sakafu imeoza wanabadilisha, ngazi za mzee zinatengenezwa. Mtu anabaki kwenye nyumba yake. Nauliza tu: kuna aliyewahi kufikiria kulinyoosha lile tembe?

Mgogo wa Mvumi
Atlanta umesema neno! Magogo mapya, udongo mpya, dirisha moja, mlango mzuri. Vijana wangejifunza na kujenga tembe.

Nshomile
Taratibu. Mimi ni wa Bukoba, tetemeko la Septemba 10, 2016 limenikuta nyumbani, ukubwa wa 5.9. Nyumba za udongo na za tofali za kuchoma zisizo na mkanda zililala chini, watu wakafa. Dodoma nayo iko kwenye bonde la ufa na inatikisika. Tembe lililoinama lenye udongo mzito juu ya kichwa cha mzee silipendi hata kidogo. Baridi haiangukii mtu.

Fundi Kenchi
Nshomile hapo upo sahihi. Mleta mada, mkanda mmefunga kwa nondo?

Mlezi wa Vijana
Mkanda upo, nondo zipo, fundi alikuwa mkali kwenye hilo.

Mlezi wa Vijana
Mrejesho. Nimezungumza na mwinjilisti, naye kazungumza na bibi na binti yake aliyeolewa kijiji cha pili. Binti anasema mama analalamika kifua usiku nyumba mpya. Bibi kamwambia mwinjilisti kwamba kuku wake wataliwa na kicheche akiwaacha. Mwenyekiti anasema shemeji hajawahi kutamka lolote, lakini alikuja kupima ukubwa wa nyumba kwa hatua. Na mjukuu mkubwa wa kike anasema bibi anawaachia nafasi, kwa sababu wao ni wengi na vyumba ni viwili.

Asanteni wote. Dada Wakili, nimeanza kufuatilia hati. Fundi, nishauri kuhusu dari.

Dada Wakili
Huyo aliyepima kwa hatua usimchukulie kawaida. Ombi liende kwenye halmashauri ya kijiji kwa jina la bibi peke yake, na muhtasari wa kikao upigwe mhuri kabla hujarudi Dar. Kwa familia ya Desemba fanya hilo kabla ya mchanga kushushwa.

Shuhuda Mbagala
Shemeji huyohuyo ndiye jibu. Kicheche ni kisingizio.

Mjukuu wa Mpwapwa
Na mimi bado nasema mtoto yuko machimboni.

Fundi Kenchi
Dari ya bei nafuu: fito za mbao, matete yaliyofungwa, juu paka udongo mwembamba kama wanavyofanya kwenye tembe. Ziba juu ya mkanda, acha matundu madogo ya hewa. Madirisha yawekwe vibao vya mbao. Jiko lijengwe nje lakini ligusane na ukuta wa chumba cha bibi.

La Desemba ndilo linalonisumbua. Dodoma mvua zinaanza hapo. Kila mtu yuko shambani anapanda, fundi wako akiwemo. Tofali mbichi zikinyeshewa kabla ya kuchomwa zinarudi kuwa tope. Likizo ya shule imepangwa na wizara, mvua haikushirikishwa. Tofali za hiyo familia zimeshachomwa?

Mlezi wa Vijana
Zimefyatuliwa, ziko chini ya nyasi. Tanuru bado.

Fundi Kenchi
Kuni zipo?

Mlezi wa Vijana
Kesho asubuhi nampigia mwinjilisti nijue.